Mtenda Aliyefichwa: Uhakiki wa Lugha ya Kuhalalisha Vita katika Kongo ya Mashariki

Tarehe 9 Julai 1997, majuma machache baada ya Kinshasa kutekwa, gazeti la Marekani liitwalo Washington Post lilichapisha mazungumzo ya mwandishi wake John Pomfret na Paul Kagame, aliyekuwa wakati huo Makamu wa Rais na Waziri wa Ulinzi wa Rwanda. Katika mazungumzo hayo Kagame alieleza kwamba vita vilivyomwondoa Mobutu Sese Seko vilipangwa na Rwanda, kwamba maofisa wa Rwanda waliviongoza vikosi vitani, na kwamba silaha na mafunzo vilikwisha kutolewa na Rwanda kabla ya risasi ya kwanza. Tangu Oktoba 1996 serikali yake ilikuwa ikilikana jambo hilo hilo. Ungamo hilo limetajwa mara nyingi na wanahistoria. Lisilotajwa sana ni kwamba lilikuwa pia tukio la kisarufi: sentensi iliyosemwa kwa miezi tisa bila kiima cha kweli, hatimaye ilipewa kiima chake.

Makala haya yanakusudia kuyasoma matamko ya vita vya 1996 na 1998 kama matini, yaani kwa macho yale yale ambayo mhakiki huyaelekeza kwenye tamthilia au riwaya. Hoja yake ni moja. Aghalabu hudhaniwa kwamba serikali inayotaka vita hudanganya kuhusu sababu. Katika vita hivi sababu nyingi zilizotajwa zilikuwa na ukweli ndani yake. Uongo ulikaa mahali pengine, katika mtenda. Tena nafasi hiyo ya mtenda haikuachwa wazi. Ilijazwa jina la watu wengine, na watu hao ndio waliolipa deni.

Kulinganisha kidogo kutasaidia. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza zilipoivamia Iraki, hapana aliyeficha kwamba askari walikuwa wao. Walichotoa kisicho cha kweli ni sababu: silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana. Tume ya Uingereza iliyoongozwa na John Chilcot ilitoa ripoti yake mwaka 2016, na sehemu kubwa ya ripoti hiyo ni uchunguzi wa namna taarifa za kijasusi zilivyotolewa kwa uhakika usiokuwapo. Pale mtenda alikuwa bayana na sababu ilikuwa batili. Katika Kivu mambo yaligeuka: sababu ilikuwa na mizizi, mtenda akakanwa. Mhakiki aliyezoea mfano wa kwanza atashindwa kuutambua wa pili, kwa kuwa atahangaika kuthibitisha sababu, na akishazikuta ni za kweli ataondoka ameridhika.

Na kweli sababu hizo zilikuwapo. Tangu Julai 1994 zaidi ya watu milioni moja kutoka Rwanda walikuwa wamevuka na kupiga kambi ndani ya Zaire, kando kabisa ya mpaka, na ndani ya kambi hizo wanajeshi wa serikali iliyoshindwa pamoja na Interahamwe, waliofanya mauaji ya kimbari, walijipanga upya na kushambulia Rwanda. Serikali ya Mobutu haikuwanyang'anya silaha, wala jumuiya ya kimataifa haikuwatenga na raia wa kawaida. Upande wa pili, Watutsi wa nyanda za juu za Itombwe, wajulikanao kama Banyamulenge, walikuwa wamenyimwa uraia kwa sheria ya mwaka 1981. Azimio la bunge la mpito la tarehe 28 Aprili 1995 likawahesabu pamoja na wakimbizi wa kurudishwa kwao. Na mapema Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawapa muda wa juma moja tu kuondoka. Asiyeyataja haya naye anaficha kitu.

Lakini yafaa itazamwe jinsi ukweli huo ulivyotumiwa. Tamko lililosambazwa duniani Oktoba 1996 lilikuwa kwamba Banyamulenge wameasi. Ni sentensi fupi, yenye kiima na kitenzi, na haina hata neno moja ambalo mtu angeweza kulikanusha lote. Vijana wa Banyamulenge walikuwapo kweli katika mapigano; baadhi yao walikwisha kujiunga na jeshi la RPF tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kosa la sentensi hiyo liko katika ukubwa wa kiima chake. Jina linalotokana na Mulenge, kijiji cha milimani katika eneo la Uvira, lilitandazwa likafunika jeshi zima. Uvira ilipotekwa mwishoni mwa Oktoba, kisha Bukavu tarehe 30, kisha Goma mapema Novemba, magazeti ya ulimwengu yaliendelea kuandika kwamba walioiteka ni waasi wa Banyamulenge, ingawa Goma iko mbali kaskazini, mbali na kila malisho ya ng'ombe wa Itombwe. Jina la jamii ndogo lilifanywa kuwa nguo ya kumvisha mtu mwingine.

Wakazi wa mwambao wa Fizi, toka Makobola na Nundu hadi Baraka, hawakuyapata matamko hayo kwa Kiingereza wala kwa Kifaransa. Waliyapata kwa Kiswahili, kutoka idhaa za London, Cologne, Washington na Dar es Salaam. Kwa hiyo suala la tafsiri si la pembeni. Katika pwani hii vita huitwa kwa mwenyewe. Uasi wa 1964 na 1965 unakumbukwa kama vita ya Mulele, ijapokuwa Pierre Mulele mwenyewe alipigana Kwilu, magharibi kabisa ya nchi. Vita vya 1996 navyo vinaitwa na wengi vita ya Banyamulenge. Kirai hiki cha kumiliki kinaonyesha kwamba msikilizaji wa kawaida anadai mtenda: vita ni vya nani? Akipewa jina lisilo lake, atalishika hilo hilo, na atalishika kwa muda mrefu kuliko tamko lenyewe lilivyodumu. Kagame alipokiri Julai 1997, ungamo lake lilifika Washington siku hiyo hiyo. Katika milima na mwambao wa Fizi, jina la vita lilikwisha kukaa mdomoni, na Munyamulenge aliyeshuka sokoni aliendelea kuulizwa juu ya vita ambavyo mpango wake haukuandikwa na ukoo wake. Hapa ndipo uongo wa serikali unapopita uongo wa kawaida. Haukuwadanganya tu walioambiwa. Uliwaachia majirani wawili ugomvi usiokoma.

Neno la pili linalostahili kuchambuliwa ni ukombozi. Oktoba 18, 1996, ndiyo tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba wa Lemera, uliounganisha vyama vinne vya Laurent-Désiré Kabila, Déogratias Bugera, Anselme Masasu Nindaga na André Kisase Ngandu kuwa AFDL. Wapo watafiti wanaotilia shaka kama kweli ulitiwa saini huko Lemera. Na ikumbukwe kwamba Lemera siku chache tu kabla ya hapo, tarehe 6 Oktoba, wagonjwa waliuawa vitandani mwao hospitalini. Jina la mahali lilihitajika ili mkataba uonekane umezaliwa ndani ya nchi. Katika jina la muungano huo mliwekwa neno la Kifaransa ambalo kwa Kiswahili limekuwa ukombozi.

Kitenzi komboa kina historia yake. Kwanza ni kukitoa kitu kilichowekwa rehani, au kumtoa mtu mateka kwa kulipa fidia. Kikaingia katika Kiswahili cha makanisa, na kwa maelfu ya waumini wa Ubembe Mkombozi ni mmoja tu. Kuanzia 1963, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipofanya makao yake Dar es Salaam, neno likapata maana ya kisiasa iliyo safi: Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia, Afrika Kusini. AFDL iliurithi usafi huo wote bila kuufanyia kazi. Neno lilifika likiwa limekwisha kubarikiwa mara mbili, kanisani na Dar es Salaam, na anayeitwa mkombozi haulizwi anatoka wapi. Pia sarufi yake inamtaka anayekombolewa awe mtendwa. Wakongo walikombolewa, hawakujikomboa. Katika hilo neno lilikuwa kweli kuliko wenyewe walivyokusudia.

Jirani ya ukombozi kuna neno dogo sana: kadogo. Kiambishi ka- cha udogo hakimo katika Kiswahili sanifu cha siku hizi, lakini katika Kiswahili cha Kongo kiko hai na kinabeba mapenzi. Mama humwita mtoto wake wa mwisho hivyo. Jeshi la AFDL liliwaita kadogo watoto wenye bunduki. Laiti wangeitwa askari watoto, msikilizaji angeshtuka na kuuliza ni nani aliyewaandikisha. Kadogo hamshtui mtu. Hakuna mfano bora wa kuonyesha kwamba uongo hauhitaji sentensi nzima; mofimu moja inatosha.

Kisha kuna vitenzi vya taarifa. Vita vilizuka, mapigano yalilipuka, mji ulianguka, watu walipoteza maisha. Kuzuka ni kazi ya pepo. Kuanguka ni kazi ya embe lililoiva. Kauli ya kutendwa, kama vile mji ulitekwa, angalau inaacha pengo linaloonekana, na msikilizaji anaweza kuuliza ulitekwa na nani. Vitenzi kama zuka na anguka havina pengo hilo kabisa, vinaisha vyenyewe. Ama kupoteza maisha, ni msemo ulioingia redioni, nao unamfanya maiti kuwa mzembe aliyedondosha kitu chake njiani. Kiswahili kina ua, chinja, fyatulia. Wahariri hawakukosa msamiati.

Upotoshaji ulio mkubwa kuliko yote, pengine, ulihusu nomino wakimbizi. Tarehe 15 Novemba 1996 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1080, liliidhinisha jeshi la kimataifa chini ya uongozi wa Kanada likawaokoe wakimbizi wa Kivu. Siku hizo hizo kambi ya Mugunga ilivunjwa, na mamia ya maelfu ya watu wakarudi Rwanda kwa miguu. Papo hapo ikatangazwa, Kigali na pia na maofisa wa Marekani, kwamba wakimbizi karibu wote wamekwisha kurudi na waliosalia ni wauaji na jamaa zao. Jeshi la kimataifa halikuja. Mamia ya maelfu wengine walikuwa wakielekea magharibi, kuvuka misitu hadi Tingi-Tingi na mbele yake. Walikuwamo wauaji miongoni mwao, bila shaka. Walikuwamo pia watoto wa kunyonya. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyochunguza maovu ya kuanzia 1993 hadi 2003, inaorodhesha kwa tarehe na mahali namna watu hao walivyouawa. Ili mtu auawe bila jeshi la kumwokoa, ilitosha kumwondoa katika ngeli ya wakimbizi.

Serikali ya Kinshasa haitoki safi katika uhakiki huu. Neno lake lilikuwa uvamizi, nalo lilikuwa kweli: nchi ilivamiwa. Lakini liliwekwa lifunike kila kitu kingine, yaani raia walionyang'anywa uraia wao, jeshi lisilolipwa lililopora kabla ya kukimbia, serikali iliyozihifadhi kambi kwa faida yake. Januari 1997 serikali ya Kengo wa Dondo ilitangaza mashambulizi ya kujibu yatakayopiga kama radi. Radi hiyo haikupiga. Kisangani ilitekwa katikati ya Machi, huku askari wa kukodiwa toka Ulaya wakiwa wa kwanza kuondoka. Msikilizaji wa Fizi alikuwa na tamko mbili mbele yake, moja lenye mtenda wa uongo na la pili lenye mtenda wa kweli linalotamkwa na asiyeaminika. Si ajabu alichagua kupanda mtumbwi. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwezi Novemba 1996, na Wabembe walikuwa wengi miongoni mwa walioingia humo.

Agosti 1998 maigizo yalirudiwa, kwa waigizaji waliobadilishana mavazi. Kabila alikwisha kuwarudisha kwao askari wa Rwanda mwishoni mwa Julai. Mkuu wa majeshi yake hadi muda mfupi kabla ya hapo alikuwa James Kabarebe, ofisa wa Rwanda. Tarehe 2 Agosti askari wa Goma walitangaza uasi. Siku mbili baadaye ndege zilibeba askari kutoka Goma hadi Kitona, karibu na Bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi iliyo kubwa kuliko nyingi za Afrika. Ndipo, baada ya ndege kuruka, kikaundwa chama cha kuuongoza uasi: RCD, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Ernest Wamba dia Wamba, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la msomi liliipa harakati hiyo kiima kinachoheshimika, na huenda yeye mwenyewe aliamini kwamba kiima ndicho kinachoongoza kitenzi. Mei 1999 aliondolewa uongozini. Kigali ilikana kuwapo kwa majeshi yake hadi tarehe 6 Novemba 1998, Kagame alipokiri kwamba yapo na kwamba sababu yake ni usalama. Ungamo la pili lilichukua miezi mitatu badala ya tisa.

Kinshasa nayo ilijibu kwa lugha iliyo mbaya zaidi. Kwa sababu ya hotuba zake za Agosti 1998, zilizowafananisha maadui na vijidudu wa kuangamizwa, Abdoulaye Yerodia Ndombasi alitolewa hati ya kukamatwa na jaji wa Ubelgiji tarehe 11 Aprili 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitengua hati hiyo mwaka 2002 kwa hoja ya kinga ya waziri, pasipo kuyahukumu maneno yenyewe. Watutsi wa Kinshasa waliouawa mwezi huo walikuwa wamekwisha kuyasikia.

Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, kwa mujibu wa ripoti ile ya 2010, askari wa jeshi la RCD pamoja na wale wa Rwanda na Burundi waliwaua watu zaidi ya 800 katika vijiji vya Makobola II, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi, katika eneo la Fizi. Sentensi hiyo ina kiima, kitenzi, shamirisho, idadi, mahali na tarehe. Ilichukua karibu miaka kumi na miwili kuandikwa hivyo katika waraka rasmi wa kimataifa.

Je, ipo serikali ya Afrika ya Mashariki iliyosema ukweli juu ya vita vyake? Hutajwa Tanzania. Oktoba 1978 redio ya Uganda ilidai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia. Kisha Idi Amin akaimeza Kagera. Tarehe 2 Novemba Julius Nyerere alilihutubia taifa, akataja uwezo, sababu na nia, na vitenzi vyake vilibeba kiambishi tu-: sisi tutapiga. Mtenda hakufichwa. Hata hivyo, Machi 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa ndani kabisa ya Uganda, Nyerere alieleza kwamba vita ni viwili, kimoja cha Watanzania kulinda nchi yao na kingine cha Waganda kumng'oa dikteta. Jeshi lililoingia Kampala tarehe 10 na 11 Aprili sehemu yake kubwa lilikuwa la Tanzania. Hata kiongozi aliyeipenda sana sarufi iliyo wazi aliona kuna mahali ambapo kiima cha pili kinafaa.

Na Fizi yenyewe ilikwisha kuyaona haya mapema zaidi. Mwaka 1965, kule Kibamba kando ya Ziwa Tanganyika, Wakuba zaidi ya mia moja walipigana pamoja na waasi, na ili wasitambulike walipewa majina ya tarakimu za Kiswahili. Ernesto Che Guevara aliitwa Tatu. Wawili waliomtangulia katika hesabu waliitwa Moja na Mbili. Kiswahili kilitumika kufuta jina la mgeni miaka thelathini kabla ya AFDL. Upande wa serikali, askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka karibu na Baraka Septemba mwaka huo.

Kuna chombo kimoja kilichomlazimisha mtenda ajitokeze, nacho ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda. Uganda ilidai kwamba iliingia Kongo kwa kujilinda. Katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 majaji waliuliza swali la mwanasarufi: ni nani aliyeishambulia Uganda? Wakaona kwamba Uganda yenyewe haikudai kushambuliwa na jeshi la Kongo. Ilitaja makundi ya waasi tu. Wala haikuliarifu Baraza la Usalama, kama sheria inavyoitaka nchi inayojilinda. Dai likaanguka, na mwaka 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Kesi ya Rwanda haikufika huko. Februari 2006 Mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza.

Neno kujilinda halikuanguka pamoja na dai hilo. Katika vita vya M23 Kigali imelitumia tena, katika kirai hatua za kujilinda, huku Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773 la tarehe 21 Februari 2025, likilitaka jeshi la Rwanda kwa jina lake liache kuisaidia M23 na liondoke Kongo. Kinshasa nayo ilikana kushirikiana na FDLR wakati wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakiandika ushahidi wa ushirikiano huo. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili walitia saini mkataba Washington, na mkataba huo unazungumzia kuondolewa kwa hatua za kujilinda za Rwanda. Kirai kilichokuwa cha upande mmoja sasa kimetiwa saini na pande zote mbili. Hamna askari ndani yake, hamna mpaka, hamna kitenzi. Anayeufasiri mkataba huo kwa ajili ya wasikilizaji wa Baraka na Nundu itambidi achague. Kwa Kiswahili hatua ni kwanza mguu ulioinuka na kutua, na msikilizaji atataka kujua ulitua upande gani wa Ruzizi.